Mwali, Mama, Bibi: Umri wa Wanawake wa Mji wa Pemba katika Historia ya Pwani ya Cabo Delgado

Tarehe 1 Agosti 2017 makarani wa sensa walianza kupita nyumba kwa nyumba nchini Msumbiji. Ilikuwa sensa ya nne tangu nchi hiyo ipate uhuru mwaka 1975, baada ya zile za 1980, 1997 na 2007. Katika mji wa Pemba, makao makuu ya mkoa wa Cabo Delgado, walihesabiwa watu wapatao 200,000. Tarehe 5 Oktoba mwaka huo huo kundi la vijana wenye silaha lilivamia vituo vya polisi katika mji wa Mocímboa da Praia, kaskazini mwa mkoa huo huo. Baina ya tukio la kwanza na la pili ilipita miezi miwili tu. Kwa hiyo jedwali la umri wa wanawake wa Pemba, ambalo wapangaji wa shule, zahanati na visima wamelazimika kulitegemea tangu hapo, ni picha ya mji ulivyokuwa muda mfupi kabla haujabadilika.

Makala haya yanakusudia kulitazama jedwali hilo kwa jicho la historia. Wataalamu wa takwimu hutufundisha kwamba makundi ya umri hutokana na mambo matatu: kuzaliwa, kufa na kuhama. Hilo ni kweli, lakini katika pwani hii jambo la tatu limekuwa na nguvu kupita kiasi. Kila zama iliyopita hapa ilichukua wanawake wa umri fulani na kuwapeleka kwingine, au iliwaleta mjini wa umri fulani na kuwaacha wengine nyuma. Aidha, karibu zama zote zilifanya hivyo bila kujua umri wa wanawake hao kwa miaka. Jambo hili la mwisho linatuhusu sisi walimu wa Kiswahili zaidi kuliko tunavyodhani, nami nitalirudia.

Kabla sijaendelea, tahadhari moja kwa wanafunzi wetu. Pemba inayozungumzwa hapa si kisiwa cha Pemba kilicho jirani na Unguja. Ni mji ulio kwenye ghuba kubwa ya bara, ambao Wareno waliuita Porto Amélia kwa jina la Malkia wao, na ambao ulirudishiwa jina la Pemba baada ya uhuru. Wakazi wake ni mchanganyiko wa Wamwani, Wamakua na Wamakonde, pamoja na watu waliotoka kusini. Kimwani, lugha ya visiwa vya Kirimba na pwani inayovielekea, ni ndugu wa karibu wa Kiswahili, na Kiswahili chenyewe husikika zaidi kadiri mtu anavyokwea kaskazini kuelekea Palma na mto Ruvuma.

Umri usiohesabiwa kwa miaka

Tuanze na maneno. Kiswahili kina ngazi nzima ya majina ya umri wa mwanamke: mtoto wa kike, kigori, mwali, mke, mama wa fulani, bibi, ajuza, kikongwe. Hakuna hata moja kati ya majina haya linalotaja idadi ya miaka. Kigori ni msichana ambaye hajavunja ungo. Mwali ni yule aliyekwisha kuvunja ungo, na aghalabu ni yule aliyewekwa ndani chini ya kungwi akifundishwa. Katika sehemu nyingine neno hilo humfuata mpaka siku za mwanzo za ndoa. Anayemwita mwenzake Mama Fatuma hasemi kwamba mwenzake ana miaka 20 au 40. Anasema kwamba amezaa na mtoto wake wa kwanza anaitwa Fatuma. Bibi huwa bibi kwa sababu ya wajukuu. Katika pwani ambako wasichana huolewa mapema, mtu aweza kuwa bibi kabla hajatimiza miaka 40.

Mila za Cabo Delgado zinaendana na ngazi hiyo. Wamakonde wana chiputu, jando la wasichana ambalo sisi tungeliita unyago, na Wamakua na Wamwani wana taratibu zao zinazofanana nalo. Mwili nao huonyesha daraja. Uso uliopakwa msiro, ule uji mweupe unaotokana na mti uliosagwa juu ya jiwe kwa maji kidogo, zamani ulikuwa alama ya msichana ambaye bado hajaolewa au aliyemo ndani. Siku hizi wanawake wa umri wowote hujipaka, na watalii hupiga picha, lakini vikongwe wa Ibo na Pemba bado wanakumbuka kwamba msiro ulikuwa na wenyewe.

Sisemi haya ili kupamba makala. Nayasema kwa sababu yeyote anayetaka kuandika historia ya umri katika pwani hii atakuta hesabu mbili zinazokwenda sambamba. Moja ni ya miaka, nayo imeletwa na ofisi. Nyingine ni ya daraja, nayo imo vinywani mwa watu. Mara nyingi hazikutani.

Walioondolewa

Wa kwanza kuwapima wasichana wa pwani hii kwa makini walikuwa wafanyabiashara ya utumwa. Katika karne ya 19 kisiwa cha Ibo kilikuwa soko kubwa, na njia za bara zilizoishia pale zilipeleka watu Zanzibar, Komoro, Madagaska na visiwa vya Wafaransa vya Bahari ya Hindi. Serikali ya Ureno ilipiga marufuku usafirishaji wa watumwa mwaka 1836, lakini majahazi yaliendelea kupakia kwa siri kwa miongo kadhaa baadaye. Mashamba ya sukari ya Wafaransa yalitaka zaidi vijana wa kiume. Masoko ya Zanzibar na Uarabuni yalinunua kwa wingi wanawake na watoto, kwa kazi za nyumbani, za shamba na za usuria. Mnunuzi hakuuliza miaka. Alitazama kimo na afya, na bei ilifuata hapo.

Maneno kijakazi na suria yamo katika kamusi zetu kama maneno ya zamani tu. Ni vema mwalimu anayeyafundisha aongeze kwamba nyuma ya maneno hayo lipo pengo la watu. Msichana aliyeondolewa akiwa na umri wa kigori hakuwa mama katika kijiji chake, wala watoto wake hawakuzaliwa pale. Pengo la umri huzaa pengo jingine baada ya kizazi kimoja.

Zama zilizofuata ziliondoa wanaume. Mwaka 1891 Ureno iliikabidhi Kampuni ya Nyasa hati ya kutawala eneo lote lililo baina ya Ruvuma, Ziwa Nyasa na mto Lúrio. Kampuni hiyo haikuwa na mtaji wa kutosha kujenga chochote cha maana. Ilichokuwa nacho ni haki ya kutoza kodi ya nyumba na haki ya kuwatumikisha watu, na ilizitumia zote mbili mpaka mkataba wake ulipokwisha mwaka 1929. Wanaume walikamatwa kwa kazi za shokoa au walivuka Ruvuma kwenda Tanganyika, ambako mashamba ya mkonge ya Lindi, na baadaye ya Tanga, yaliwalipa angalau kidogo. Wengine walifika Zanzibar. Wamakonde wengi tunaowafahamu Tanzania leo ni wajukuu wa safari hizo.

Vita Vikuu vya Kwanza viliongeza mzigo. Mwaka 1916 Wareno waliichukua Kionga, kipande cha ardhi kusini mwa mdomo wa Ruvuma ambacho Wajerumani walikuwa wamekishika tangu 1894. Mwishoni mwa 1917 jeshi la Lettow-Vorbeck lilivuka mto na kuingia Msumbiji, na Waingereza nao wakashusha askari wao Porto Amélia ili kulifuata. Majeshi hayo yote yalitembea kwa migongo ya wapagazi. Msomaji wa Dar es Salaam atakayefika Pemba na kuambiwa kwamba upo mtaa unaoitwa Cariacó atalitambua jina hilo mara moja.

Vijiji vilivyobaki vilikuwa na wanawake wengi wa umri wa kati wasio na waume karibu, watoto, na wazee. Porto Amélia, kwa upande wake, ambako kampuni ilihamishia ofisi zake kutoka Ibo mwanzoni mwa karne ya 20, ulikuwa mji wa wanaume: makarani, askari, wachukuzi wa bandarini, wafungwa waliotumikishwa barabarani. Upande mmoja tu ulikuwa na sura nyingine, nao ni Paquitequete, mtaa wa wavuvi ulio chini kando ya maji, ambako familia za Kimwani na za Kimakua ziliishi kwa ukamilifu wake, kuanzia kikongwe hadi mtoto mchanga. Ukitaka kuelewa mji huu usianze na jumba la gavana lililo juu ya kilima. Anza Paquitequete.

Kuanzia mwaka 1938 utawala wa Salazar ulilazimisha kilimo cha pamba kaskazini mwa Msumbiji. Kwa kuwa wanaume walikuwa mkongeni au wamekimbia, jembe la pamba lilishikwa na wanawake. Hapa hesabu ya miaka inaingia kwa nguvu kwa mara ya kwanza. Ofisa wa Kireno alitakiwa kuamua nani ana umri wa kulima na nani amezeeka kiasi cha kusamehewa, na wajane na wanawake wasio na mume hawakuachwa nje ya orodha. Vyeti vya kuzaliwa havikuwapo. Umri ulikadiriwa kwa macho: maziwa, meno, mikunjo ya uso, idadi ya watoto. Mwanamke aliyeandikwa kijana alikwenda kupalilia pamba ya kampuni huku mihogo yake ikiliwa na nguruwe mwitu. Aliyeandikwa mzee alipona. Sensa za kikoloni zilizofanywa kila miaka kumi kuanzia 1940 zilitegemea makadirio ya namna hiyo hiyo, na mtafiti anayezitumia leo hana budi kukumbuka kwamba mwanamke wa wakati huo alikuwa na sababu nzuri ya kuonekana mkongwe mbele ya karani.

Mabinti wa 1967

Baada ya mauaji ya Mueda ya tarehe 16 Juni 1960 na kuundwa kwa FRELIMO jijini Dar es Salaam mwaka 1962, vita vya ukombozi vilianza tarehe 25 Septemba 1964 kwa shambulio la Chai, hapa hapa Cabo Delgado. Maelfu ya watu, wengi wao wanawake na watoto, walivuka Ruvuma. Wengi walipokewa Rutamba mkoani Lindi. Wengine walibaki katika maeneo yaliyokombolewa, na wengine walikusanywa kwa nguvu na Wareno katika vijiji vyenye ulinzi wa jeshi.

Mwaka 1967 FRELIMO iliunda Kikosi cha Wanawake, na wasichana kutoka uwanda wa Mueda wakawa miongoni mwa wa kwanza kufunzwa Nachingwea. Walikuwa wadogo. Kwa hesabu ya nyumbani wengi wao walikuwa wali: umri wa kuwekwa ndani, kufundwa na kuolewa. Badala yake walibeba risasi na unga kutoka mpakani, wakahamasisha vijiji, wakalinda mashamba, na baadhi wakapigana. Josina Machel, ambaye jina lake linafahamika zaidi, hakuwa mtu wa Cabo Delgado. Alizaliwa Inhambane, kusini kabisa, mwaka 1945, akafariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971. Lakini sehemu kubwa ya kikosi hicho ilitoka kaskazini, na lugha iliyowaunganisha kambini mara nyingi ilikuwa Kiswahili. Kwa maoni yangu, historia ya Kiswahili nchini Msumbiji inayowataja makamanda na kuwaacha wasichana hao ni nusu ya historia.

Baada ya uhuru baadhi yao walipewa nyumba na kazi mjini Pemba. Huo ulikuwa wimbi la kwanza la wanawake walioingia mji huu si kwa kumfuata mume, bali kwa stahili zao wenyewe. Aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1967 alifikisha 65 katika sensa ya 2017. Katika jedwali amewekwa kwenye mstari mfupi wa juu, pamoja na wenzake wa umri huo ambao maisha yao yalipita kijijini au Rutamba. Jedwali halitofautishi.

Serikali mpya haikupenda unyago. Iliuhesabu miongoni mwa mambo ya kizamani, pamoja na mahari na ndoa za wake wengi, na Umoja wa Wanawake wa Msumbiji, ulioanzishwa mwaka 1973, ulifanya kampeni dhidi yake. Nia ilikuwa kumwondoa msichana katika ndoa ya mapema na kumpeleka shule. Pamoja na hayo serikali hiyo hiyo ilimwogopa mwanamke kijana asiye na mume mjini. Katika Operesheni Uzalishaji ya mwaka 1983 watu walioonekana hawana kazi waliondolewa mijini na kupelekwa hasa Niassa, na miongoni mwao walikuwamo wanawake walioshukiwa ukahaba kwa sababu tu hawakuwa na cheti cha ndoa wala barua ya mwajiri. Umri wa kati ya uwali na umama, ambao katika ngazi ya Kiswahili hauna hata jina lake, ukawa kosa.

Vita baina ya serikali na RENAMO, vilivyokwisha kwa mkataba wa Roma wa tarehe 4 Oktoba 1992, vilisukuma familia kutoka wilaya za kusini mwa mkoa kuja Pemba, na wengi hawakurudi. Hapo ndipo mji ulipoacha kuwa mji wa wanaume. Sensa ya 1997 ilikuta watu karibu 85,000. Ile ya 2007 karibu 140,000. Ya 2017, kama nilivyosema, karibu 200,000. Idadi iliongezeka zaidi ya mara mbili katika miaka 20.

Mji wa wasichana

Mabadiliko ya namna hii si ya Pemba peke yake, na mfano wa Dar es Salaam unasaidia. Tangu enzi za ukoloni Dar es Salaam ulikuwa mji wenye wanaume wengi kuliko wanawake. Hata mwaka 2002 sensa ilipata wanaume 1,261,077 na wanawake 1,236,863. Mwaka 2012 mizani ilikuwa imepinduka: wanaume 2,125,786, wanawake 2,238,755. Mwaka 2022 tofauti ilizidi kupanuka, wanaume wakiwa 2,600,018 na wanawake 2,783,710. Waliopindua mizani hiyo hasa ni wanawake vijana, waliokuja kwa masomo, kazi za nyumbani, biashara ndogo ndogo na viwanda.

Pemba ulifuata njia hiyo kwa mwendo wake. Shule za sekondari zilikuwa mjini, kwa hiyo msichana aliyetaka kuendelea baada ya shule ya msingi alikuja kukaa kwa shangazi au mama mdogo. Chuo Kikuu cha Lúrio, kilichoanzishwa mwaka 2006, kilifungua kampasi hapo. Gesi iliyogunduliwa katika bonde la Ruvuma mwaka 2010 ilivuta mikahawa, hoteli na ofisi, na nyuma ya kila mgeni mwenye mshahara walikuja wapishi, wafuaji, wauza samaki na wauza maandazi. Chini ya yote hayo ulikuwapo msingi mpana wa watoto, kwani Msumbiji ni nchi ambayo karibu nusu ya watu wake wako chini ya miaka 15.

Tofauti na Dar es Salaam ni kwamba hapa ujana wa msichana ulibaki mfupi. Utafiti wa afya ya jamii wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba kwa Msumbiji nzima asilimia 48 ya wanawake wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18, na mikoa ya kaskazini ilikuwa miongoni mwa ile yenye viwango vya juu zaidi. Unyago haukufa kwa kukemewa. Ulihamia kwenye likizo za shule, ukafupishwa, na familia nyingine zikaanza kupeleka wasichana wadogo kuliko zamani ili gharama ya sherehe iishe mara moja. Matokeo yake ni kitendawili: mtoto wa miaka 9 au 10 aweza kutoka ndani akiitwa mwali, na Januari akarudi darasa la nne.

Kisha ikaja vita ya sasa. Machi 2020 wapiganaji waliingia Mocímboa da Praia kwa siku moja. Agosti mwaka huo waliuteka na kuushikilia kwa takriban mwaka mzima, mpaka majeshi ya Rwanda na Msumbiji yalipouchukua Agosti 2021. Tarehe 24 Machi 2021 Palma ulishambuliwa. Watu walitembea siku kadhaa msituni, na wengine walipanda majahazi na ngalawa kuelekea kusini. Kuanzia katikati ya Oktoba 2020 zaidi ya watu 10,000 walishuka ufukweni Paquitequete katika majuma machache tu. Wapo ambao hawakufika. Mwishoni mwa mwezi huo chombo kilichojaa watu kilizama katika maji ya visiwa vya Kirimba na makumi wakafa.

Kufikia mwishoni mwa mwaka 2022 waliohama makwao katika mkoa na mikoa jirani walikuwa wamefikia takriban milioni moja. Mji wa Pemba peke yake ulipokea zaidi ya 100,000. Wengi hawakukaa kambini. Walikaa kwa jamaa, katika nyumba za vyumba viwili zilizolaza watu 20 au zaidi. Wanawake na watoto walikuwa zaidi ya robo tatu ya waliohama, na watoto peke yao karibu nusu.

Linganisha sasa hali hiyo na jedwali la Agosti 2017. Mstari wa chini, wa wasichana walio chini ya miaka 10, umejaa kupita matarajio ya mpangaji yeyote. Mstari wa miaka 25 hadi 40 umejaa akina mama ambao waume zao wamekufa, wamepotea au wamebaki kuangalia mashamba. Mstari wa vikongwe haukukua kwa kiasi hicho hicho, kwa sababu safari ya siku tatu msituni bila maji si safari ya kikongwe. Na upo mstari uliotobolewa kwa makusudi. Ripoti ya Human Rights Watch ya Desemba 2021 ilieleza kwamba wanawake na wasichana zaidi ya 600 walikuwa wametekwa tangu mwaka 2018. Waliolengwa zaidi walikuwa wasichana na wanawake vijana. Mtekaji hakuuliza miaka. Alitazama umbo, kama yule wa Ibo wa karne ya 19.

Tangu 2022 watu wengi wamerudi Mocímboa na Palma, na wengine wamekimbia tena, kama baada ya shambulio la Macomia la Mei 2024. Kaya nyingi zimegawanyika: baadhi wanarudi kujaribu bahari na shamba, wengine wanabaki Pemba kwa ajili ya shule na zahanati. Kwa hiyo hata leo asiwepo anayedai kwamba anaujua umri wa mji huu.

Karani atauliza nini?

Kwa utaratibu wa kila miaka kumi, sensa inayofuata ni ya mwaka 2027. Dodoso za sensa zilizopita ziliandikwa kwa Kireno, na karani alizitafsiri papo hapo kwa Kimwani, Kimakua, Kimakonde au Kiswahili kulingana na mlango aliobisha. Hapa ndipo fani yetu inapoingia.

Swali la umri ni fupi kwa Kireno na fupi kwa Kiswahili: una miaka mingapi? Lakini wengi wa wanawake waliohamia Pemba walipoteza vitambulisho vyao nyumba zilipochomwa, na wengine hawakuwahi kuwa navyo. Majibu hurundikana kwenye namba zinazoishia na sifuri na tano, jambo linalojulikana sana kwa wanaosoma takwimu za Afrika. Mwenye watoto watano huandikwa 35. Asiyezaa huandikwa mdogo kuliko alivyo. Hesabu ya daraja huingia ndani ya hesabu ya miaka na kuvaa nguo zake.

Tatizo hilo hilo limo katika sheria. Sheria Na. 19 ya mwaka 2019 ilipiga marufuku ndoa na mtu aliye chini ya miaka 18. Katika mikutano ya hadhara mara nyingi hufasiriwa kuwa ni marufuku ya kuoza watoto. Mzazi wa pwani husikiliza, hukubali kwa moyo mmoja, kisha humwoza binti wa miaka 15. Hajavunja neno lake, kwani kwa lugha yake yule si mtoto. Ni mwali aliyekwisha kufundwa. Neno la Kireno linalotumika katika sheria halina daraja hiyo ndani yake, na neno letu mtoto, likisimama peke yake, linaipotosha. Kusema msichana ambaye hajatimiza miaka 18, hata akiwa amekwisha kuchezwa, ni maneno mengi zaidi, lakini hayaachi mlango wazi. Itabaki kazi ya kujua kama ametimiza.

Kwa kazi hiyo wataalamu wa sensa hutumia kalenda ya matukio: karani humuuliza mtu alikuwa na ukubwa gani wakati wa jambo fulani linalokumbukwa na wote. Kalenda ya Mueda haifai Paquitequete. Mwanamke wa uwandani atakumbuka 1960, 1964 na siku bendera ya Wareno iliposhuka. Mwanamke wa Kimwani kutoka visiwani atakumbuka zaidi kimbunga Kenneth cha Aprili 2019, ambacho kiliharibu Ibo, na jahazi la Oktoba 2020. Kalenda za namna hii hazitungwi ofisini Maputo. Zinakusanywa kwa kukaa na vikongwe na kuandika maneno yao kama wanavyoyasema, nao wanapungua kila mwaka. Wanafunzi wetu wa isimu wanaotafuta mada za tasnifu, hasa wale wanaokielewa Kimwani, wanakaribishwa ofisini kwangu siku yoyote ya juma isipokuwa Jumatano.